Ridhaa ya Mtumiaji: Kurasa za Binafsi za Mtandao katika Mizani ya Uhakiki

Kiswahili kina neno moja lenye maana mbili ambazo ni nadra kutiwa katika mizani moja. Mchezaji asiyelipwa huitwa mchezaji wa ridhaa, na mwigizaji anayepanda jukwaani jioni baada ya kazi yake ya mchana huitwa msanii wa ridhaa. Ridhaa hiyo hiyo ndiyo aulizwayo bibi harusi kabla nikahi haijafungwa, na ndiyo atakiwayo mgonjwa kuitoa kabla hajapasuliwa. Ya kwanza ni mapenzi ya mtu kwa kazi yake. Ya pili ni kibali anachompa mwenziwe juu ya kilicho chake. Historia ya kurasa za binafsi za mtandao, zile ambazo watu wasiokuwa wataalamu walizijenga kwa mikono yao bila ya malipo, ni historia ya ridhaa ya kwanza kumezwa na ya pili. Jambo hilo ndilo linalochunguzwa katika makala haya. Nalo linawahusu wapenzi wa mashairi zaidi ya wanavyodhani, kwa kuwa tungo nyingi za leo zimewekwa katika nyumba ambazo watunzi wake hawana ufunguo wa mlango.

Uwanja wa wazi

Wavuti ilizaliwa Geneva, katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN. Mwingereza Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake huko mwaka 1989, na mwaka 1991 umma ukaanza kuifikia kazi yake. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu za msingi za wavuti ni mali ya watu wote, na kwamba hapana atakayedaiwa ada kwa kuzitumia. Uamuzi huo ndio uliompatia fundi wa ridhaa uwanja. Lugha ya HTML, ambayo kwayo kurasa huandikwa, ni maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama chache za kuonyesha wapi pana kichwa cha habari, wapi pana aya na wapi pana kiungo cha kwendea ukurasa mwingine. Mtu aliweza kuiandika kwa programu nyepesi kabisa ya maandishi.

Muhimu zaidi, vivinjari vya mwanzo vilimruhusu msomaji kuufunua ukurasa wowote na kuyaona maandishi yaliyoujenga. Hiki kilikuwa chuo kisichokuwa na mwalimu wala ada. Mtu aliuona ukurasa uliompendeza, akaufunua, akanakili sehemu aliyoitaka, akabadilisha maneno na rangi, kisha akaujua ufundi ambao jana hakuwa nao. Njia hiyo si ngeni kwa wanaojua namna mashairi yanavyofunzwa Pwani. Kijana huanza kwa kuzihifadhi tungo za wakubwa zake, akazigeuza maneno huku akilinda vina na mizani, na siku moja hujikuta ametunga. Uigaji katika hatua ile ni ngazi ya kupandia, wala si wizi.

Mwishoni mwa 1994, David Bohnett na John Rezner walianzisha huko California huduma iliyokuja kujulikana kwa jina la GeoCities. Walitoa nafasi bure kwa yeyote aliyetaka kujenga ukurasa, na wakaipanga nafasi hiyo kama mji wenye mitaa. Mpenzi wa filamu alikaa Hollywood, mpenzi wa kompyuta SiliconValley, mpenzi wa hadithi za sayansi Area51. Wenye kuandika juu ya familia zao walikuwa Heartland, na wenye mapenzi, mashairi na sanaa walitengewa Paris. Kila ukurasa ulipata namba yake mfano wa namba ya nyumba. Ni ajabu kidogo kwamba kitu kisichokuwa na ardhi kiliigiza mtaa, lakini ndani ya maigizo hayo mlikuwa na ukweli: mtu akijiona ana nyumba huifagia, huipamba, na huwajua majirani zake.

Fani: dibaji na mapambo

Mhakiki anayezitazama kurasa zile leo hukutana kwanza na mapambo yake. Kuna mandhari ya usiku wenye nyota, maandishi yanayomweka, vipicha vinavyocheza, na muziki unaoanza wenyewe mara ukurasa ufunguliwapo. Kuna ishara ya njano na nyeusi inayotangaza kuwa ujenzi unaendelea. Kuna salamu ya kumkaribisha mgeni, namba inayohesabu waliopita, na kitabu cha wageni cha kutiwa saini. Chini kabisa kuna anwani ya mwenyewe na tarehe ambayo ukurasa ulitengenezwa mara ya mwisho. Wabunifu wa kulipwa walizicheka kurasa hizo kwa miaka mingi. Walisema hazina mpangilio, rangi zake zinapigana, na wote wanasema maneno yale yale.

Aliyelitazama suala hili kwa jicho jingine ni Olia Lialina, msanii mzaliwa wa Moscow anayefundisha Ujerumani, ambaye kazi yake ya mwaka 1996, My Boyfriend Came Back from the War, ni miongoni mwa kazi za mwanzo mashuhuri za sanaa ya mtandao. Mwaka 2005 aliandika insha yenye jina A Vernacular Web, akaziorodhesha nyota, ishara za ujenzi, salamu na viungo, akizichukulia kama lugha ya wenyeji wa mtandao wa awali. Mwaka 2009 yeye na Dragan Espenschied walihariri kitabu Digital Folklore, ambacho jina lake peke yake linatoa hoja: kazi hizi ni za fasihi ya watu na zihakikiwe kwa vipimo vya fasihi ya watu.

Hoja hiyo inaeleweka upesi kwa msomaji wa tenzi. Utenzi hufunguliwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, mtunzi akaomba karatasi, wino na kalamu, na baadaye, kazi ikikamilika, akataja jina lake na tarehe ya kumaliza. Hapana msomaji anayedhani kwamba mtunzi yule kweli hakuwa na wino. Wala hapana anayeutupa utenzi kwa kuwa dibaji yake inafanana na ya tenzi nyingine mia. Desturi ile ni mlango. Humwambia msikilizaji aina ya nyumba anayoingia na adabu inayotakiwa humo. Salamu ya ukurasa wa binafsi ilikuwa dibaji, kiungo cha kwa jirani kilikuwa adabu ya ujirani, na tarehe na anwani zilizokuwa chini zilikuwa tamati. Aliyeziona kurasa hizo ni za namna moja hakukosea. Alichokosea ni kudhani kwamba kufanana ni upungufu wa akili.

Ishara ya ujenzi inastahili neno zaidi. Kitabu kikishapigwa chapa hakijengwi tena mpaka toleo la pili. Ukurasa wa mtandao ulikuwa kitu kipya: kazi inayosomwa nayo bado inatungwa. Fundi wa ridhaa alilitambua jambo hilo kabla ya wataalamu, akalitundika mlangoni kwake. Alikuwa akiungama hali ya chombo chenyewe.

Hata hivyo, uhakiki usiwe mapenzi matupu. Ujenzi mwingi uliotangazwa haukuendelea kamwe. Kurasa nyingi zilikuwa dibaji bila ya utenzi: salamu, nyota, muziki, orodha ya viungo, basi. Mgeni alikaribishwa barazani akaketi, lakini wenyeji hawakutokea. Vipicha vilichukuliwa kwa mwingine, naye alikuwa amevichukua kwa mwingine, na katika kunakiliana huko wengine hawakufika hatua ya kutunga chao. Ile namba ya kuhesabu wageni nayo ilikuwa mbegu ya maradhi yaliyokuja baadaye. Siku mtu alipoanza kuutazama ukurasa wake mwenyewe ili aone ni wangapi wamepita, badala ya kuutazama aone umekaaje, mapenzi ya kazi yalikwisha kupata mpinzani.

Maudhui: mtu mmoja na anachokijua

Kurasa zilizo bora zilikuwa na jambo. Mtu alikuwa na miaka ishirini ya kutengeneza redio za zamani, akaeleza taa baada ya taa na waya baada ya waya. Mwingine alikuwa mkusanyaji wa stempu, mwingine mfuatiliaji wa nasaba ya ukoo wake. Walikuwapo wazazi waliofiwa na watoto, wakajenga kurasa za maombolezo, na mapambo yale yale yaliyochekwa, nyota na malaika wadogo, yakapata uzito ambao mbunifu wa kulipwa asingeweza kuyapa. Katika fasihi yetu hali hii inajulikana: tamathali iliyochakaa hufufuka inapotamkwa na mwenye machungu ya kweli.

Kipimo cha maudhui ya ukurasa wa binafsi, basi, si uzuri wa rangi wala wingi wa wageni. Ni swali moja: je, msomaji, baada ya kuufunga ukurasa, anamjua mtu? Aliyeandika juu ya redio hakuandika juu ya nafsi yake hata mstari mmoja, lakini msomaji alimjua kwa kile alichokiona kuwa kinafaa kuelezwa, na kwa subira aliyoelezea. Huyu ndiye msanii wa ridhaa kwa maana kamili. Hakutumwa na mtu, hakulipwa na mtu, na hakuna aliyemwekea kiasi cha maneno.

Ridhaa iliyogeuzwa

Januari 1999 kampuni ya Yahoo ilitangaza kuinunua GeoCities kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.5. Katikati ya mwaka huo wakaazi wa mji ule waliletewa masharti mapya. Masharti hayo yaliipa kampuni haki pana na za kudumu juu ya kila kilichowekwa katika kurasa: maandishi, picha na tungo. Wakaazi walipinga, wengine wakazihama kurasa zao au wakaziondoa rangi kwa maandamano, na haikuchukua muda mrefu kampuni ikayarekebisha masharti yale. Ushindi ulipatikana, lakini mpangaji alikuwa ameonyeshwa hati ya nyumba ilikuwa mkononi mwa nani. Hapo ndipo ridhaa ya pili ilipobisha hodi kwa sauti ya juu. Aliyejenga kwa mapenzi yake aliambiwa kuwa kuendelea kukaa kwake ni kukubali.

Miaka iliyofuata ilikifanya kitendo hicho cha kukubali kuwa desturi ya kila siku. Programu na vifaa vya nyumbani vilianza kuja na kurasa nyingi za masharti ambazo mwisho wake ni kitufe kimoja. Apple ilipotoa simu yake ya iPhone mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikafungua duka la programu, kompyuta ya mfukoni ikawa chombo ambacho mwenyewe hawezi kukitia programu yoyote aitakayo isipokuwa iliyopita katika mlango wa mtengenezaji. Kifaa kikawa kizuri, chepesi, na kilichofungwa. Ule ufundi wa kuufunua ukurasa na kuyaona matumbo yake haukuwa na nafasi katika simu.

Mwaka 2012 Lialina aliandika insha nyingine, Turing Complete User, akalitetea neno ambalo makampuni yalikuwa yameanza kulionea haya: mtumiaji. Makampuni yalipendelea kusema watu. Hoja yake ilikuwa kwamba jina hilo linapofutwa, kompyuta pia hufichwa machoni, na mwenye kusahau kuwa anatumia mashine iliyoundwa na mwingine hupoteza nafasi ya kudai haki zake juu ya mashine ile. Alimsifu mtumiaji asiyengoja kuundiwa programu kwa kila jambo: yule anayeandika makala ndani ya baruapepe, au anayepanga kadi ya biashara ndani ya jedwali la hesabu, kwa kuwa anakijua anachokitaka na anakipindisha chombo kikielekee.

Kiswahili kinaipa hoja hiyo nguvu ambayo Kiingereza hakina. Shina la tuma limezaa mtume, mtumishi, mtumwa na mtumiaji. Mtumiaji ni yule anayekituma chombo kwa ajili ya haja yake. Katika maneno hayo manne, yeye peke yake ndiye atumaye, wengine wote ni wenye kutumwa. Neno mtumwa ni zito mno katika visiwa hivi, na si haki kulirusha ovyo juu ya watu walioshika simu. Inatosha kuuliza swali dogo linaloletwa na shina lenyewe. Mtu anapoamka usiku kwa mlio wa simu inayomtaka ajibu, atazame au apende, ni nani hapo anayemtuma mwenziwe?

Kunakili na kuonyesha

Aprili 2009 Yahoo ilitoa taarifa kwamba GeoCities itafungwa, na tarehe 26 Oktoba 2009 ikafungwa. Tawi la Japani liliendelea mpaka 31 Machi 2019. Miezi ile baina ya taarifa na kufungwa, kikundi cha watu wa kujitolea kinachoitwa Archive Team, kikiongozwa na Jason Scott, kilizinakili kurasa kwa kadiri kilivyoweza, na mwaka 2010 kikaugawa mzigo wote kwa yeyote aliyetaka kuuchukua. Hifadhi ya Internet Archive iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996 nayo ilikuwa na nakala zake. Kwa hiyo mji ule ulibomolewa na watu wa malipo na ukanusuriwa na watu wa ridhaa.

Hali hiyo haitamshangaza anayejua namna tungo za kale za Kiswahili zilivyotufikia. Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mnakili, mchongaji, mtunzi na mwanamuziki, na miswada aliyoiandika kwa hati nzuri ya Kiarabu imehifadhiwa London hadi leo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina mkusanyiko wake wa miswada. Tungo hizo ziliishi kwa kuwa zilikuwa na nakala, na nakala zilikuwa katika mikono zaidi ya mmoja. Sanduku lililoliwa na mchwa Pate halikumaliza utenzi ambao nakala yake ilikuwa Mombasa.

Lialina na Espenschied waliuchukua mzigo wa Archive Team, na mwanzoni mwa 2013 wakaanza kuonyesha kazi waliyoiita One Terabyte of Kilobyte Age. Kurasa zilifunguliwa kwa kivinjari cha zamani kilichowekwa ndani ya mfumo wa kompyuta wa enzi ile, ili rangi na maumbo ya herufi yawe kama alivyoyaona mwenyewe, kisha kila ukurasa ukapigwa picha na picha zikatolewa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine. Hii ni kazi ya heshima. Haikuchagua vilivyo bora peke yake. Ilipanga kurasa zilizojaa na zilizo tupu kama zilivyo, na kwa kufanya hivyo ikamrudishia mtazamaji wingi wa mji, ambao hauonekani katika mkusanyiko wa vito.

Upungufu wake nao usifichwe. Picha ya ukurasa si ukurasa. Viungo havibonyezeki, muziki haulii, na kilicho chini ya sehemu ya kwanza ya kioo hakionekani. Ni sawa na kupewa picha ya jalada la diwani na ubeti mmoja wa kwanza. Mtazamaji hubaki na dibaji, na dibaji, kama ilivyosemwa, ndiyo sehemu ambayo kurasa zilifanana. Basi onyesho lililokusudia kuwatetea mafundi wa ridhaa linaweza, bila ya kutaka, kuwapa wacheshi hoja yao. Kuna pia suala la ridhaa katika maana yake ya pili. Mama aliyejenga ukurasa wa kumlilia mwanawe hakuulizwa kama anataka uonyeshwe mbele ya watu wa jumba la sanaa. Uokoaji ulikuwa wajibu. Maonyesho ni jambo jingine, na mhakiki ana haki ya kutenganisha baina ya mawili hayo.

Tena picha zile zilitolewa kupitia Tumblr, na katika mwaka ule ule wa 2013 Tumblr ikanunuliwa na Yahoo. Mabaki ya mji yakajikuta mikononi mwa aliyeubomoa.

Mwaka 2009 katika Pwani

Upo upande wa habari hii unaoigusa Pwani moja kwa moja. Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulianza kazi, ukapita chini ya bahari na kufika Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya hapo Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti kwa mawasiliano ya nje, yaliyokuwa ghali na ya polepole, na wengi waliufikia mtandao kwa kulipia dakika katika intaneti kafe. Kujenga ukurasa kwa dakika za kulipia ni kama kutunga utenzi huku umesimama kwenye foleni. Mwaka ule ambao njia pana ilifika ufukweni ndio mwaka ambao mji wa mafundi wa ridhaa ulivunjwa. Wengi wa Pwani waliingia mtandaoni kwa mlango wa simu na mitandao ya kijamii, na hawakupata kuionja hatua ya kujenga chao.

Haikuwa kwa kukosa juhudi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya maandishi na hesabu iliyozungumza Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo wa programu ile ulikuwa wazi. Aliyetaka kuutafsiri hakuhitaji kuomba ruhusa ya kampuni, na aliyeipata aliichukua nyumbani kwake ikawa yake. Mwaka 2009 Facebook nayo ilipata sura ya Kiswahili kwa jitihada za wapenzi wa lugha. Kazi zote mbili zilifanywa kwa mapenzi na zote zinastahili shukrani. Lakini zimetofautiana kama anayepaka chokaa nyumba yake na anayepaka nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akitaka kubadilisha rangi kesho, mpangaji hana la kusema.

Itasemwa, na ni kweli, kwamba simu na mitandao ya kijamii imewapa kalamu watu ambao wasingejifunza HTML hata siku moja. Malumbano ya mashairi yaliyongoja gazeti la wiki ijayo sasa hujibiwa kabla chai haijapoa. Mtunzi wa Pemba huchokozwa na mtunzi wa Muscat, na jibu humfikia akiwa bado yuko barazani. Faida hii si ndogo. Ila kila chombo hukiathiri kinachobebwa nacho, na ushairi wa arudhi ni mzigo usiopenda kukunjwa. Mshororo wa mizani kumi na sita, wenye ukwapi na utao, ukiwekwa katika kioo chembamba cha simu huvunjika pale nafasi inapokwisha, wala si pale kina cha kati kinapotua. Nafasi aliyoiacha mtunzi baina ya vipande viwili aghalabu humezwa ikawa moja. Msomaji mgeni wa fani huona sentensi zilizokatika, na umbo ambalo jicho lilitakiwa kulishika kabla ya sikio limepotea. HTML ya tangu mwanzo ilikuwa na alama za kuutunza mstari na nafasi zake kama zilivyoandikwa. Mwenye ukurasa wake aliweza kuamua. Mwenye kuandika katika kisanduku cha wenyewe huamuliwa.

Mpangilio nao umeondoka mkononi mwa mtunzi. Diwani ina mwanzo na mwisho. Mtunzi huamua shairi lipi litangulie na lipi limjibu mwenziwe. Katika mtandao wa kijamii shairi hukaa baina ya tangazo la simu na picha ya harusi, kisha huzama. Litakalopanda juu huchaguliwa na hesabu ya kampuni. Na kampuni hupoteza. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba MySpace ilipoteza nyimbo zilizopandishwa kwake tangu 2003 hadi 2015, zaidi ya milioni 50, wakati wa kuhamisha seva zake. Waliokuwa na nakala nyumbani walibaki nazo. Waliotegemea ghala la mwenziwao walibaki na kumbukumbu.

Kinachodaiwa

Tangu 2013 kumekuwapo huduma kama Neocities, iliyoanzishwa na Kyle Drake, inayowapa watu nafasi ya kujenga tena kurasa kwa mkono, na vijana wengi wameipokea. Jambo hilo lifurahiwe kwa tahadhari. Kurasa kadha wa kadha za huko zimerudisha nyota na ishara za ujenzi kama vazi la tamasha, ilhali haja iliyozizaa haipo. Kuiga dibaji ya mababu bila ya kuwa na la kusimulia ni kosa lile lile la zamani, tena safari hii halina udhuru wa ugeni. Kilicho cha kurithiwa kutoka kwa mafundi wa ridhaa ni cheo chao mbele ya chombo, wala si mapambo yao.

Kwa mtunzi wa mashairi cheo hicho kina maana nyepesi kutekelezwa. Tungo asili iwekwe katika faili la maandishi ya kawaida, ambalo halihitaji programu ya kampuni moja kulifungua. Maandishi ya HTML ya mwanzo wa miaka ya tisini yanasomeka hadi leo kwa sababu hiyo. Nakala zikae mahali zaidi ya pamoja na kwa mtu zaidi ya mmoja, kama miswada ilivyokaa. Anayeweza, awe na tovuti yenye jina lake, na hata akipangisha nafasi kwa mwingine, mafaili yawe ya kubebeka siku ya kuhama. Kisha apeleke tungo zake katika mitandao ya kijamii akitaka, kama mtu apelekavyo mkate sokoni huku tanuri liko kwake. Wahenga walisema achezaye kwao hutunzwa. Mwenye kucheza kila siku katika ua wa wenyewe hutunzwa pia, ila siku mlango ukifungwa huacha ndani ngoma na mavazi.

GeoCities ilidumu miaka kumi na mitano, na wengi waliojenga humo hawajui hata kama nakala ya kazi yao ingalipo. Kikundi cha Archive Team kilipata miezi sita tu ya kunakili. Vikundi vya mashairi vilivyomo katika simu za Unguja, Mombasa na Muscat vinakusanya kila wiki malumbano ambayo vizazi vijavyo vitayataka, na bado hakijatangazwa cha kufungwa. Kuyanakili hivi sasa, kwa ridhaa ya watunzi wake, ni kazi ya jioni chache.